Deni Linalobaki Mwishoni

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika ukumbi wa shule)



Kamati imenitaka niseme machache juu ya mikopo kabla ya kura ya alasiri. Nimekubali kwa furaha. Nilifanya kazi miaka 31 kwenye meza ya mikopo ya benki, na ni nadra mtu wa kazi ile kualikwa mahali akasikilizwa kwa hiari. Wanaomsikiliza kwa kawaida ni wale wenye shida, na wakishatia sahihi hawamsikilizi tena.

Jambo lililo mbele yetu mnalijua. Bweni la vijana limejaa. Chumba kilichojengwa kwa vitanda 24 leo kinalaza wavulana 40, na Mwalimu Mkuu ametuomba tuwajengee jipya. Kinachohitajika ni shilingi 6,000,000. Chama chetu hakina fedha hizo, bali kina kile kiwanja cha mjini tulichoachiwa na wazee wetu, chenye vyumba vya kupangisha vinavyotuletea shilingi 80,000 kwa mwezi vikiwa vimejaa. Amepatikana mkopeshaji aliye tayari kutukopesha fedha zote kwa kuweka rehani kiwanja hicho. Anataka tumlipe shilingi 72,010 tu kila mwezi kwa miaka 5. Mtunza Hazina wetu, kwa nia njema kabisa, ameona kwamba kodi ya vyumba inatosha kulipa na chenji inabaki, naye amelipendekeza jambo hili.

Mimi nimeisoma barua ya mkopeshaji mpaka ukurasa wa mwisho. Humo mna mstari mmoja usemao kwamba baada ya malipo ya mwezi wa 60, salio lote litalipwa kwa mara moja. Hotuba yangu leo ni juu ya mstari huo.

Kuna mikopo ya namna mbili ambayo kwa mbali hufanana kama mapacha. Wa kwanza nitauita mkopo unaojimaliza. Kila mwezi unalipa kiasi kilekile. Sehemu yake ni riba ya mwezi ule, na sehemu iliyobaki inapunguza deni lenyewe. Deni likipungua, riba ya mwezi unaofuata inapungua pia, na sehemu inayokwenda kwenye deni inakuwa kubwa zaidi. Siku ya malipo ya mwisho deni limekwisha, na hati yako ya kiwanja unarudishiwa.

Wa pili nitauita mkopo unaobakiza. Huu nao hulipwa kila mwezi, nao hupunguza deni, lakini kwa kiasi kidogo tu. Siri yake ni kwamba una miaka ya aina mbili ndani yake. Malipo ya mwezi yamepigiwa hesabu kana kwamba utalipa kwa miaka mingi, tuseme 15, ndiyo maana yakawa madogo. Lakini mkataba wenyewe unakwisha mapema, tuseme baada ya miaka 5. Siku hiyo sehemu kubwa ya deni ingali pale pale, nayo inadaiwa yote kwa pamoja. Malipo hayo ya mwisho Waingereza huyafananisha na puto, kwa kuwa malipo yote yaliyotangulia ni membamba na hili la mwisho limefura. Nami nitayaita malipo ya puto.

Sasa tupige hesabu, maana maneno matupu hayalipi deni. Riba tuliyotajiwa ni asilimia 12 kwa mwaka, yaani 1 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba ya shilingi 6,000,000 ni shilingi 60,000. Tukilipa 72,010, zinazopunguza deni ni 12,010 peke yake. Tutaendelea hivyo miezi 60, na jumla ya fedha tutakazokuwa tumelipa ni shilingi 4,320,600. Je, deni litakuwa limepungua kwa kiasi gani? Shilingi 980,860. Zilizosalia, zaidi ya milioni 3.3, ni riba. Na siku ya mwisho tutadaiwa shilingi 5,019,140.

Naomba mnielewe, ndugu zangu. Sisemi kwamba mkopeshaji ametuibia. Riba ni asilimia 12 kama alivyosema, na hesabu ni sahihi. Tumetumia fedha zake miaka 5 na tukamrudishia kidogo kidogo, basi riba yake imekuwa nyingi. Vijana wa kidato cha tatu na cha nne wanaweza kuikagua kwa kanuni ya riba mlimbikizo wanayofundishwa hapahapa.

Mkopo unaojimaliza wa kiasi hichohicho, kwa riba hiyohiyo na miaka ileile 5, ungetutaka tulipe shilingi 133,467 kila mwezi. Mwezi wa kwanza tu, 73,467 zingekwenda kwenye deni. Mwisho wa miaka 5 tungekuwa tumelipa kama shilingi 8,008,000, na hatudaiwi hata senti. Kwa mkopo wa puto, ukijumlisha malipo ya miezi 60 na puto lenyewe, ni kama 9,340,000. Tofauti ni zaidi ya shilingi 1,330,000. Hiyo ndiyo bei ya kulipa kidogo mwanzoni.

Mtu atauliza: kwa nini basi mkopo wa namna hii upo, na watu wenye akili zao wanauchukua? Swali ni zuri. Una mahali pake. Nilimhudumia mtumishi mmoja aliyebakiza miaka 4 kabla ya kustaafu. Alijua kwa hakika siku atakayopata kiinua mgongo chake na kiasi chake. Alijenga nyumba kwa mkopo unaobakiza, akalipa kidogo kidogo kutoka mshahara wake, na kiinua mgongo kilipotoka alilipasua puto akalala usingizi. Yeye hakuwa akibahatisha. Alijua fedha zitatoka wapi, lini, na kiasi gani.

Nilimwona na mwingine, mwenye lori, aliyekopa kwa namna hiyohiyo kwa mkopeshaji ambaye si lazima kumtaja. Kila mwezi alilipa kwa siku yake bila kukosa hata mara moja. Ulipofika mwezi wa mwisho, lori lilikuwa limechakaa, na bei yake sokoni haikufika hata nusu ya puto. Akaomba mkopo upya wa kulipia ule wa kwanza, akaambiwa kwamba siku hizi hawakopeshi kwa malori makuukuu. Lori likapigwa mnada. Huyu hakuwa mvivu wala mlevi. Aliamini kwamba uaminifu wa miezi 59 ungemsemea katika mwezi wa 60. Mkataba hausomi uaminifu, husoma tarehe.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mtu asiye na fedha za puto mkononi hutegemea kukopa upya. Na kukopa upya kunategemea mambo matatu ambayo yeye hayaamui: mkopeshaji awe bado anataka kukopesha, riba iwe bado inabebeka, na thamani ya rehani iwe haijashuka. Moja likivunjika, yote yamevunjika.

Mambo haya si ya kubuni. Katika miaka ya 1920 mikopo mingi ya nyumba iliyotolewa na mabenki ya Marekani ilikuwa ya miaka 3 hadi 5. Mwenye nyumba alilipa riba, deni lenyewe akalipunguza kidogo au asilipunguze kabisa, na mwisho wa muda akakopa upya. Kwa miaka kadhaa ya neema desturi hiyo ilikwenda vizuri, hata watu wakasahau kwamba ni kamari. Kisha mwaka 1929 masoko yakaanguka. Mabenki yakaanza kufilisika, na yale yaliyosalia yakawa hayataki kukopesha upya. Bei za nyumba zikashuka, kazi zikapotea. Puto zikawa zinaiva mwezi hata mwezi, na hapana wa kuzilipa. Mwaka 1933 nyumba zilizokuwa zikichukuliwa na wakopeshaji zilifika kama 1,000 kwa siku. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo waliolipa kila walichodaiwa mpaka siku ile ya puto.

Dawa waliyoitumia inafaa kujulikana. Mwezi wa Juni 1933 serikali yao iliunda shirika lililoitwa Home Owners' Loan Corporation. Shirika hilo lilinunua mikopo ya nyumba iliyokwama, zaidi ya milioni moja, likawapa wenye nyumba mikopo mipya ya miaka 15 kwa riba ya asilimia 5, yenye kujimaliza kwa malipo ya kila mwezi. Mwaka uliofuata, 1934, ikatungwa sheria ya kuwawekea dhamana wakopeshaji wa mikopo mirefu ya namna hiyo. Ndivyo mkopo wa nyumba unaojimaliza, ambao leo watu huudhani ni wa tangu na tangu, ulivyoenea katika nchi ile. Ulizaliwa kwa uchungu.

Wala msifikiri mkopo unaobakiza ulikufa. Huko Kanada, hata leo, ni jambo la kawaida malipo ya nyumba kupigiwa hesabu ya miaka 25 na mkataba kuwa wa miaka 5 tu, kisha ukafanywa upya. Na mwenye nyumba huyo naye, kila baada ya miaka 5, hukutana na riba ya siku hiyo, iwe tamu au chungu.

Wala tusiende mbali. Mwezi wa Juni 2014 serikali yetu hapa Kenya ilikopa dola bilioni 2 katika masoko ya ng'ambo. Kati ya hizo, bilioni 1.5 zilikuwa za miaka 10, kwa riba ya asilimia 6.875. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo deni hilo la miaka 10 likaongezwa, likafika dola bilioni 2. Lilikuwa puto lililofura kuliko yote: riba ililipwa kila mwaka, lakini deni lenyewe lilipangwa lilipwe lote kwa pamoja mwezi wa Juni 2024. Mwaka lilipochukuliwa, dola moja ilikuwa chini ya shilingi 90. Mwezi wa Januari 2024 dola ilikuwa kama shilingi 160. Nchi nzima ilikuwa ikiulizana: tutalipa na nini? Mwezi wa Februari 2024 serikali ikakopa upya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ili iununue sehemu kubwa ya deni la zamani kabla ya siku yake. Ilipata, lakini kwa bei. Na angalieni jambo moja: deni hilo jipya lilipangwa lilipwe kwa mafungu matatu, mwaka 2029, 2030 na 2031. Hata serikali ikiungua huanza kupuliza.

Turudi kwenye bweni letu. Tuseme tumechukua mkopo huu, na mwisho wa miaka 5 tumeomba kukopa upya zile shilingi 5,019,140 kwa miaka 10. Riba ikiwa imebaki asilimia 12, tutaendelea na 72,010 kila mwezi. Hapo tutakuwa tumelipa miaka 15, jumla kama shilingi 12,960,000 kwa bweni la milioni 6. Lakini riba ikiwa imepanda hadi 18, malipo yatakuwa 90,437, nayo kodi ya vyumba haifiki hapo. Na tukikataliwa kabisa, kiwanja cha wazee wetu kitakwenda kwa dalali.

Tena barua inasema riba inaweza kubadilishwa. Hebu tazameni. Ikiwa riba itapanda hadi asilimia 14.4 tangu mwanzo, na malipo yetu yakabaki 72,010, riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni shilingi 72,000. Deni litakuwa limepungua kwa shilingi 10. Shilingi kumi, mabwana! Wakati huo tutakuwa tunajisifu kwamba hatujakosa malipo hata mwezi mmoja.

Wengine wameshauri tuchukue mkopo huu, kisha tujiwekee akiba ya kulipia puto. Fikira hii ni ya heshima, kwani wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Lakini tuipime. Akiba ikipata riba ya asilimia 6, itatubidi tuweke karibu shilingi 71,940 kila mwezi ili zitimie milioni 5 na ushei mwisho wa miaka 5. Ukijumlisha na 72,010 tunazolipa, ni karibu 143,950 kwa mwezi. Mkopo unaojimaliza ulitutaka 133,467. Yaani tutakuwa tunakopa kwa riba ya 12 huku tunaweka kwa riba ya 6, na hasara ni yetu. Mwenye uwezo wa kuweka akiba hiyo hana haja ya puto, na asiye na uwezo huo haliwezi.

Basi tufanyeje? Sikupanda hapa kuwaambia vijana waendelee kubanana. Nimekuja na njia mbili.

Ya kwanza ni kukata nguo kwa kadiri ya kitambaa. Shilingi 80,000 kwa mwezi, kwa riba ya 12 na miaka 5, zinamaliza mkopo wa kama shilingi 3,596,000. Tungeweza kujenga upande mmoja wa bweni sasa na upande wa pili baadaye.

Ya pili, nami naipenda zaidi, ni kumwomba mkopeshaji, huyu au mwingine, mkopo unaojimaliza wa miaka 10. Malipo yake ni shilingi 86,083 kwa mwezi. Kodi ya vyumba ni 80,000. Pengo ni shilingi 6,083. Nikitazama ukumbi huu, tunapita watu 100. Watu 100 wakitoa shilingi 200 kila mwezi, zinapatikana 20,000. Tunaziba pengo, na zinabaki 13,917 za kuwekwa kwa ajili ya mwezi ambao chumba kimekaa kitupu au bati limevuja. Ni kweli kwamba kwa miaka 10 tutalipa jumla ya kama shilingi 10,330,000, na hizo ni nyingi. Lakini kila mwezi deni linashuka, na hapana siku hata moja mbele yetu ya kudaiwa milioni 5 kwa mkupuo.

Hata hivyo uamuzi ni wenu. Kama mkutano utapenda mkopo wa puto, nawasihi kamati isitie sahihi kabla ya kupata majibu haya kwa maandishi. Puto ni shilingi ngapi, na tarehe gani? Riba ni ya kudumu au inageuka, na ikigeuka, malipo ya mwezi yanageuka nayo au deni ndilo linalovimba? Ahadi ya kutukopesha upya imo ndani ya mkataba, au ni maneno ya mdomo juu ya kikombe cha chai? Tukipata fedha mapema, tunaruhusiwa kupunguza deni bila kutozwa faini? Na tukikosa malipo ya mwisho peke yake, kiwanja chote kinauzwa? Mkopeshaji mwema hachukizwi na maswali haya. Anayechukizwa amekwisha kuyajibu.

Najua wako wenzetu hapa ambao dini yao haiwaruhusu riba, nao wanapendelea mabenki yanayofuata sharia. Kwao pia swali la kwanza ni lilelile: mwisho wa mkataba kunabaki nini, na kitalipwa na nani?

Ama ninyi vijana, mtakutana na puto kabla ya mvi. Litakuja na pikipiki, na gari, na kiwanja cha kwanza cha maisha yenu. Muuzaji atawaambia malipo ya mwezi, nayo yatakuwa mepesi. Mwulizeni habari ya mwezi wa mwisho. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Nami naongeza kwamba matanga ya mkopo wa namna hii hufanywa kwa siku moja.

Karatasi ya hesabu zote nilizozitaja nimeiacha kwa Mtunza Hazina. Nawaomba vijana wa kidato cha nne waichukue wakati wa chakula cha mchana, waikague mstari kwa mstari, na walete majibu yao humu ukumbini kabla kura haijapigwa. Bweni ni lao, na kiwanja siku moja kitakuwa chao.